Vichanga wa ningu wamekula

Wamekula! Tangu alfajiri nimewaweka vichanga wa ningu, samaki wa Ziwa Victoria na mito yake, kwenye hadubini mmoja baada ya mwingine, na kwa kuwa mwili wao bado hauna rangi, utumbo wote unaonekana. Umejaa rotifa, vijidudu vya majini visivyoonekana vizuri kwa macho. Magamba ya rotifa hao yamepangana ndani humo hadi karibu na mkundu, maana yake wanakula na chakula kinapita. Kwa kitotoleshi chetu hii ndiyo mara ya kwanza ningu wanamaliza kiini cha yai walichoanguliwa nacho tumboni bila kufa kwa wingi, na furaha niliyo nayo siwezi kuificha.

Sindano haijawahi kutusumbua. Uganda walichapisha tangu 2004 kwamba ningu anataga akiwa kizuizini akidungwa homoni, na aliyezoea kukamua kambare hapotei njia. Mayai yanafura maji, yanaanguliwa, vichanga wanapanda juu na kushuka, kila mtu ndani ya banda anatabasamu. Kisha kiini kinakwisha, na kilio kinaanza. Matumbo yanabonyea. Wanasimama kichwa chini karibu na ukuta wa tangi, hawakimbii hata ukipitisha kivuli cha mkono. Kesho yake sakafu ina utando mweupe, na huo utando ni samaki ambao Mto Mara mzima unawahitaji.

Kila tuliyemuuliza tuwalishe nini alitujibu artemia, kijidudu jamii ya kamba kinachouzwa kama mayai makavu ya kuangua. Artemia aliyetoka kuanguliwa ana karibu milimita 0.4 hadi 0.5, na kinywa cha kichanga wa ningu hakimpokei. Ni kumlisha mtoto ugali kabla hajaonja uji. Isitoshe, artemia ni wa maji ya chumvi. Ukimtia kwenye maji yasiyo na chumvi anaishi saa chache, anazama, anaoza, na amonia inapanda juu ya samaki ambao tayari wana njaa. Kiini cha yai la kuku la kuchemsha, lililochujwa kwa kitambaa, nacho kinachafua maji haraka kuliko kinavyoliwa. Sikitaki tena karibu na tangi langu.

Ukombozi ulikuwa kwenye bwawa, na siri yake ni mpangilio wa wageni. Bwawa dogo likikaushwa, likapigwa chokaa, likajazwa maji yaliyochujwa na kupewa samadi, wa kwanza kushamiri ni rotifa. Baada yao wanakuja Moina, kisha saiklopsi, wote vijidudu vya majini wakubwa kuliko rotifa, na saiklopsi hao huwauma vichanga wadogo hadi wafe. Kwenye maji ya nyuzi 26 hadi 28, muda ambao rotifa wanatawala ni wa siku chache tu. Ndiyo maana sasa ratiba yote inaanzia bwawani: bwawa linajazwa kwanza, hadubini inatoa jibu, ndipo mama anadungwa sindano. Zamani samaki ndiye aliyeamua tarehe. Sasa anayeamua ni rotifa.

Kuvuna kwenyewe ni kwa vitambaa viwili vya kuchujia planktoni, yaani vijidudu hivyo vya majini. Cha juu kina matundu ya mikromita 200, kinazuia Moina na saiklopsi wakubwa. Cha chini mikromita 60, hapo ndipo rotifa wanabaki. Tafadhali msijaribu chandarua, matundu yake yanapita milimita moja na kila kitu kinapenya. Na mwenye fedha ya kifaa kimoja tu, anunue hadubini kabla ya kipima oksijeni. Oksijeni unaweza kuilinda kwa mtiririko na viputo vidogo (viputo vikubwa vinawapigapiga vichanga, muwe waangalifu), lakini bila hadubini utakuwa unamwaga maji ya kijani ukidhani unalisha.

Neno kuhusu wazazi, kwa sababu naona watu wanalipuuza. Mayai ya kila mama tunayagawa kwenye mabakuli, kila bakuli dume wake. Ukichanganya shahawa za madume wote pamoja, mmoja anaweza kuwazidi wenzake na ukajikuta umefuga ndugu watupu. Na wazazi wetu wote ni wa Mto Mara. Mtu alituahidi ningu wakubwa kutoka upande wa Kagera, nikakataa. Wana mto wao, na damu yao ibaki huko.

Naumia sana ninapofikiria jinsi samaki huyu alivyofika hapa. Ningu yuko bonde la Ziwa Victoria peke yake, na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, imemweka kwenye kundi la walio hatarini kabisa kutoweka. Wengi wanamlaumu sangara, lakini uvuvi wa ningu mitoni ulishaanza kuanguka kabla sangara hajaenea. Mvua ikinyesha, mama mwenye mayai anaondoka ziwani kupanda mto, na nyavu za makila, zile zinazonasa samaki kwa mashavu, zinamngoja kwenye mlango wa mto. Kama nyavu hizo zitaendelea kutegwa msimu wa mvua, vifaranga wetu tutakuwa tunawafugia hao hao wenye nyavu. Mazungumzo na BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe, yanaendelea, na kabla hayajafika mahali sitafungulia samaki hata mmoja.

Wiki hii nilipaswa kuandaa alama: kuwaogesha vichanga kwenye alizarini, dawa ya rangi, ili vijiwe vya masikio vishike rangi, tuje kuwatambua wa kwetu mtoni. Nimeiahirisha. Nilipokuwa nalisha jioni niliona kwamba wote, wadogo hivyo, wamegeuza vichwa kuelekea bomba la maji yanayoingia. Wanatafuta mkondo! Na sisi tunataka kuwalea kwenye maji yaliyotuama, halafu tuwamwage mtoni wasombwe wakiwa hawajawahi kupigana na maji.

Basi najenga mfereji wa duara, mawe yenye mwani chini, kwa sababu ningu mkubwa anajilisha kwa kukwangua mawe na midomo yake iliyo upande wa chini wa kichwa na afadhali aanze mapema. Pampu tuliyo nayo ina nguvu mno kwa samaki wa ukubwa huu, kwa hiyo maji yatashuka yenyewe kutoka tangi la juu, yakipita kwenye koki nitakayoifungua zaidi kadiri wanavyokua. Aliyewahi kupima kasi ya maji ambayo kifaranga wa ningu anaistahimili kwa urefu wake aniandikie, mbao nimeshakata.