Maji Yalipofika Ubavuni

Jana jioni binti yangu aliyeyusha nta ya nyuki jikoni na kuichanganya na mafuta ya nazi ili apate mafuta ya kupaka midomo, na harufu ile ilipofika sebuleni nikaweka kitabu chini. Kwangu mimi hiyo ni harufu ya ubao wa kupanda mawimbi. Miaka ile niliyoishi Durban, Afrika Kusini, kila nta ya dukani ilipotuishia, tulijichanganyia ya kwetu namna hiyo hiyo tukaisugua juu ya mbao zetu ili miguu isiteleze tukiwa juu ya wimbi. Lakini harufu haikunipeleka Durban. Ilinipeleka Ushongo, ufukwe ulioko kusini mwa Pangani, msimu wa upepo wa kusi wa mwaka 2019, asubuhi niliyolala kifudifudi katika maji ya magotini na mzee mmoja akaniwekea kidole ubavuni.

Nilikuwa na miaka 48, na miaka 21 ilikuwa imepita bila mimi kupanda wimbi hata moja. Ubao wangu wa futi 6 ulikuwa darini tangu niliporudi nyumbani, umefungwa katika shuka kuukuu la marehemu mama. Niliuteremsha kwa furaha ambayo sikumweleza mtu, nikavuka nao Pangani kwa pantoni, na kwa siku tatu mfululizo sikupata kitu. Nilipiga maji kwa mikono hadi mabega yakafa ganzi; wimbi likaja, likaninyanyua kidogo, likapita chini yangu na kwenda kuvunjika ufukweni bila mimi.

Nilijiambia kosa ni la bahari, na sikuwa nimekosea kabisa. Mji wa Tanga umekingwa na kisiwa cha Pemba, na hata Ushongo, panapotazamana na ule uwazi ulioko kati ya Pemba na Unguja, miamba iliyoko nje, kama ile ya Maziwe, huyavunja nguvu mawimbi kabla hayajatufikia. Siku nzuri ya kusi, maji yakiwa yanajaa, wimbi la pale hunifika kiunoni, na huja taratibu.

Aliyekuwa akinitazama siku zote hizo ni fundi wa mashua, mzee aliyekuwa akikalafati chombo, yaani akiziba nyufa zake kwa pamba, chini ya minazi. Siku ya nne nilikwenda kumwamkia. Aliitikia, kisha akauliza, "Mwanangu, una kilo ngapi?"

Nikamjibu kuwa ni 72.

"Hizo ni za leo?"

Nilinyamaza. Kilo 72 zilikuwa za Durban. Mizani ya mwezi uliotangulia ilikuwa imesoma 86, nami nilikuwa nimeiona vizuri sana.

Mzee aliweka nyundo chini, akaniongoza hadi maji yalipotufika magotini, akaniambia nilale juu ya ubao wangu kama ninavyolala ninapongoja wimbi, nisitikisike. Nikalala. Ubao ulizama wote chini yangu, nikausikia ukiyumba huku na huku kama unaotafuta pa kuegemea. Maji yalikuwa yamepoa kwa asubuhi ile. Mzee akainama, akaweka ncha ya kidole chake kikavu, chenye harufu ya sifa, yale mafuta ya papa ya kupaka vyombo, na pamba ya kalafati, juu ya ubavu wangu wa kushoto, pale hasa yalipoishia maji, karibu na kwapa. Akakiacha pale muda mrefu. Nilisikia mapigo ya moyo wangu yakikigonga kidole kile.

"Chombo kinapopakiwa, mstari wa maji hukaa kwenye chombo," alisema. "Wako umekaa kwenye mwili. Hiki kilijengwa kwa ajili ya kijana, na kijana huyo hukuja naye."

Hakulisema kwa kunisuta. Alilisema kama anayetaja unene wa ubao wa mninga, na labda ndiyo sababu liliniingia.

Mgeni mmoja aliyekuwa akifunga safari alikuwa akiuza mbao mbili, nikamwomba mzee tukazitazame pamoja. Wa kwanza ulikuwa wa futi saba na nusu, mwembamba, mweupe, ncha yake imechongoka na kupinda juu. Niliupenda papo hapo. Mzee aliugonga kwa kifundo cha kidole kuanzia omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma. Karibu na mwisho mlio ukabadilika, ukawa mzito, na alipopabonyeza pakabonyea: maji ya chumvi yalikuwa yameingia ndani ya povu gumu linaloujaza ubao. Akasema pia kwamba omo lile limeinuka mno, na kwa mawimbi yetu ya polepole litakuwa linasukuma maji badala ya kuteleza juu yake. Wa pili ulikuwa wa futi 9, mpana, umezibwa ufa ubavuni, na chini yake aliyeutengeneza alikuwa ameandika kwa penseli ujazo wake, lita 96. Ule wangu wa zamani ulikuwa na 28. Kila lita inayozama huinua karibu kilo moja; hesabu hiyo niliijua tangu ujana, ila sikuwahi kuhitaji kuifanya.

Niliulalia majini kama nilivyoulalia ule wangu wa zamani. Maji yalinilowesha tumbo na miguu, yakaishia kwenye ukingo wa ubao, na mzee akaliweka dole gumba lake pale, juu ya ubao, bila kunigusa.

Nilinunua. Alasiri hiyo nilipata wimbi la nne nililolifukuza, nikasimama, nikaenda nalo kwa hatua zisizofika thelathini hadi mchangani. Nilipogeuka kumtafuta mzee alikuwa amerudi kwenye kalafati yake.

Sijui kama nilichokipata siku ile ni kile nilichokiacha Durban. Ubao mrefu hauzunguki upesi, na kuna mambo mwili wangu unayakumbuka ambayo juu yake hayafanyiki. Nayatamani bado, na kuyatamani kwenyewe kunaniuma. Lakini kila kusi naenda.

Binti yangu alipomaliza kumimina mafuta yake katika vikopo aliniuliza kama ule mdogo ulioko darini ni wake. Ana kilo 44. Nilimwambia anayeanza huanza na mrefu, jambo ambalo ni kweli. Mwaka huu nimeuteremsha mara mbili, nikaufuta vumbi, nikaufunga tena katika lile shuka na kuurudisha.