Nusu ya Nane Mjini Leipzig

Nilikaa Leipzig wiki tatu, lakini nikiulizwa niliona nini Ujerumani, akili hunirudisha kwenye asubuhi moja tu: asubuhi niliyoachwa na gari la mzee wa ghorofa ya chini.

Nilikwenda kumtembelea mdogo wangu wa kike, ambaye ni muuguzi huko. Kabla ya kuondoka Tanga nilijifunza Kijerumani kwa simu miezi mitatu. Nilijua kusalimia, kuhesabu na kuomba samahani. Kilichonishinda ni vitu vya mezani. Kijiko kwao ni cha kiume, uma ni wa kike, kisu si cha kiume wala cha kike, na jina lenyewe halikupi dalili yoyote. Sisi nasi tuna ngeli zetu, lakini angalau ukisikia "ki" mwanzoni unajua pa kushika.

Mzee yule ni mstaafu anayeishi peke yake. Kila tulipokutana kwenye ngazi alinisalimia, kisha akasimama kungoja jibu langu mpaka nilimalize, hata nikikwama katikati. Sikukutana na wengi wenye subira ile. Jioni moja akaniambia kesho yake anakwenda Berlin kwa binti yake. Alishasikia kwamba natamani kuyaona mabaki ya Tendaguru, yale mifupa ya dinosaria iliyochimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913, ikapelekwa kwenye makumbusho ya Berlin. Angenichukua. "Morgen, halb acht," akasema, akinionyesha gari lake lilipoegeshwa.

Nilielewa kila neno. Morgen ni kesho. Halb ni nusu. Acht ni nane. Nane na nusu ya kwao, kwetu ni saa mbili na nusu asubuhi. Nikaenda kulala nimetulia kabisa.

Niliamka mapema. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo nilitoka kwenda kununua mkate wa njiani. Muuzaji akasema zwei Euro fünfundvierzig. Nilisikia mbili, halafu tano, halafu kitu cha nne, nikamhesabia euro mbili na senti 54. Akazihesabu, akanirudishia senti tisa, kisha akarudia polepole: fünf-und-vierzig. Tano na arobaini. Wajerumani hutaja mamoja kwanza, makumi baadaye.

Nikarudi kwa kuzunguka mitaa, maana nilidhani nina muda tele, huku nikikariri. Einundzwanzig, moja na ishirini. Zweiundzwanzig, mbili na ishirini. Nilipofika fünfundzwanzig, tano na ishirini, miguu ikasimama yenyewe. Niliisikia sauti ya bibi yangu: hamsa ishirini. Ndilo jina la adhabu ya viboko 25 enzi za Mjerumani, na bibi alilipokea kutoka kwa baba yake. Hesabu ile ni ya Kiarabu, lakini mpangilio wake ni huu huu, tano mbele, ishirini nyuma. Tangu utotoni nilikuwa nalijua neno lile bila kulihesabu. Nikaacha kukariri. Nilikwenda kimya mpaka nyumbani.

Saa mbili na robo nilikuwa mlangoni. Gari halikuwepo. Mlangoni palikuwa na karatasi yenye mwandiko uliolala, nikaishika bila kuisoma vizuri mpaka mdogo wangu aliporudi kutoka zamu ya usiku. Akaisoma, akaketi kwenye ngazi. "Kaka, mzee amekugongea. Amekungoja mpaka saa mbili kamili."

Halb acht si nane na nusu. Ni saba na nusu. Kwetu, saa moja na nusu.

Nilikwenda kwa treni. Tiketi ya siku hiyo hiyo ilinitoka zaidi ya euro 50, kwa safari ya saa moja na ushei. Mdogo wangu alisema ningeikata wiki kadhaa kabla ningelipa chini ya nusu. Pale stesheni choo nacho kilikuwa euro moja. Nikanunua maji, yakawa ya gesi, yanachoma koo. Berlin niliuona mfupa wetu, mnyama mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, nikasimama chini yake nikiwa na njaa na uchungu wa fedha zangu.

Jioni nilishuka kuomba radhi, mdogo wangu akiwa mkalimani. Mzee hakukasirika. Alitoa bahasha iliyotumika, akachora saa nyuma yake. Saa ya nane, alisema, huanza pale saba inapoisha. Inajaa kama kikombe. Ikijaa robo ni viertel acht, saba na robo. Ikijaa nusu, halb acht. Robo tatu, dreiviertel acht. Akaongeza kwamba hata Wajerumani wengi wa magharibi hiyo viertel acht ya huku mashariki inawachanganya. Nililipenda jambo hili papo hapo. Kwa robo na nusu, sisi husema saa iliyopita na kilichoongezeka. Wao huitaja saa wanayoielekea.

Nami nikachora ya kwetu, inayoanza kuhesabu jua linapochomoza. Nikamweleza kuwa shule tuliipata kwao, na hela pia, kutoka sarafu ya heller waliyoileta Afrika Mashariki. Akaniambia bado wana msemo wa kulipa "auf Heller und Pfennig", yaani mpaka senti ya mwisho. Akarudia "saa moja na nusu" mara kadhaa mpaka akaitamka sawasawa.

Ndipo nikamsimulia habari ya kijana wa Kijerumani aliyekuwa akijitolea Tanga miaka mingi iliyopita. Kaka yangu alimwalika nyumbani kwetu Ngamiani: njoo saa saba, tule pilau. Tukamngoja mchana ule mpaka tukachoka. Akafika saa moja usiku, saa saba ya kwao, amevaa shati lililopigwa pasi, amebeba maembe. Tulicheka mbele yake. Tulicheka wiki nzima, na mtaa mzima ukapata habari. Hakuna aliyechukua karatasi akamchorea saa.

Mzee alisikiliza mpaka mdogo wangu alipomaliza kutafsiri. Hakucheka. Akauliza kama yule kijana alikula.

Sikukumbuka. Kesho yake nikampigia mama.

"Nilimwekea sahani yake," akasema. "Nyie mkaila."