Baraza za Karibu na Stesheni ya Dodoma
Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ndiyo iliyoyakuza makazi madogo ya Wagogo hapa Dodoma yakawa mji, na ndiyo maana maduka ya mwanzo, mengi yakiwa ya Wahindi na Waarabu, hayakujengwa mbali na stesheni. Mimi, nikiri tu, huvutiwa na baraza kuliko duka lenyewe. Chini ya bati lililoshika kutu, fundi bado anashona kando ya mlango wa mbao, na saruji imechimbika palepale miguu ya cherehani inapotikisika. Ndani, mizani ya kupimia karanga imebaki juu ya kaunta, ingawa mwenye duka sasa anauza vocha za simu.