Nilivyofundishwa Bastola na Mashoga Wenzangu

Tangu niseme wazi huku Columbus, Ohio, kwamba mimi ni shoga na nina bastola, simu yangu haipumui. Wengine wameshtushwa na la kwanza, wengine na la pili. Nieleze basi, hasa kwa vijana wetu wanaotishwa na watu waliokuja nao huku.

Ushauri wa mwanzo ulikuwa wa hovyo. Muuzaji mmoja alinitazama juu mpaka chini, akanichagulia kibastola cha mfukoni, eti chepesi, kinanifaa. Kinanifaa! Bastola kadiri ilivyo nyepesi ndivyo inavyokurusha mkono. Kwa anayeanza ni adhabu. Kaka mmoja wa kwetu naye akaniambia niiweke chini ya mto. Kaka, mimi usingizini napiga mateke kama samaki aliyevuliwa sasa hivi.

Walionifaa ni Operation Blazing Sword. Walianza 2016 baada ya watu 49 kuuawa klabu ya mashoga ya Pulse kule Orlando, na wana orodha ya walimu wa kujitolea walio tayari kumfundisha shoga, msagaji au aliyebadili jinsia bila kumkodolea macho. Baadaye waliungana na Pink Pistols, wale wa tangu 2000 wanaosema shoga mwenye silaha hapigwi. Hilo siliamini lote. Anayekuvamia kwa nyuma hakupi nafasi ya kuchomoa chochote.

Mwalimu wangu ni mama mtu mzima, nywele za zambarau. Nilimwita Mama, akazoea. Risasi zangu zote zilikuwa zinaangukia chini ya shabaha. Nikalaumu bastola, nikalaumu miwani, nikalaumu taa. Hakujibu. Alinigeuzia mgongo, akajaza magazini, kile kibebeo cha risasi, huku akichanganya risasi za kweli na bandia, akanikabidhi. Paa! Paa! Halafu: kla. Hakuna kilicholipuka, lakini mtutu wangu ulizama chini mzimamzima, mbele ya kila mtu. Mama alicheka mpaka miwani yake ya kinga ikaingia ukungu. Kumbe nilikuwa naukimbia mlio kabla haujalia!

Dawa yake: nyumbani, bastola tupu, umeikagua mara mbili, risasi ziko chumba kingine, umeielekeza pasipo na mtu. Weka sarafu juu yake, kwa mbele, kisha vuta kifyatulio taratibu. Sarafu ikianguka, anza upya. Majirani hawajui kwa nini nilikuwa natukana sarafu kila jioni.

Kununua kwenyewe ni fomu 4473, ya serikali kuu, unayoijaza pale dukani. Mwenye green card, yaani ukaazi wa kudumu, anaruhusiwa. Mwenye visa ya muda, kwa kawaida hapana. Usidanganye, ni kosa la jinai. Bangi nayo inaulizwa hata kama jimbo lako limeihalalisha. Jina langu lilicheleweshwa kwenye ukaguzi wa rekodi za mnunuzi, nikarudi baadaye, yakaisha.

Bastola ya ukubwa wa kati ilinila dola mia tano na ushee, kasha la chuma la kufunga kwa namba, mia nyingine hivi. Risasi ndizo zitakazokufilisi. Na ukiwa kwenye kipindi cha kuchoka na maisha, usinunue. Mimi nilipoachwa na mpenzi, kasha zima nilimpelekea Mama akaniwekea mpaka nilipotulia.

Mnaokaa Columbus mnaotaka mwalimu, niambieni niwaunganishe. Ada ya uwanja wa kulengea shabaha mtajilipia, na njooni na viatu vya kufunika vidole. Maganda ya risasi yanachoma.