Spruu moja ya vioo na kiwanda kilichofungwa

Watu wakijua nahangaika na modeli za ndege, zile za plastiki unazounga vipande mwenyewe, swali la kwanza ni bei, na nikiitaja wanashika kichwa, basi yanaishia hapo. Swali ambalo mimi sahivi naliweka mbele ya bei hamna anayeuliza: kipande kimoja kikikosekana au kikija kimepasuka, spea yake inapatikana wapi? Mtu wa bodaboda hanunui pikipiki kabla hajajua kama spea zake Kariakoo zipo au mpaka uagize, na sisi wa modeli tunatakiwa tuwe na akili hiyo hiyo, maana boksi la laki tano na ushee likikosa kipande cha ukubwa wa ukucha hamna ndege hapo, kuna plastiki tu.

Naandika hii usiku huu kwa sababu mwezi huu nimefunga stori mbili za spea kwa mpigo, moja imeisha kirahisi kuliko nilivyotegemea, nyingine imenifikisha mpaka kwa sonara.

Ya kwanza ni Mosquito. Ya kampuni ya Tamiya, skeli ya 1/32 (yaani ndogo mara 32 kuliko ndege ya kweli), toleo la FB Mk.VI, ile waliyoitoa 2015. Kwa asiyeijua, de Havilland Mosquito ni ndege ya vita ya Waingereza iliyotengenezwa kwa mbao, plaiwudi na balsa, ya kwanza iliruka Novemba 25, 1940, na watu wa viwanda vya fanicha waliingizwa kwenye kazi ya kuiunda. Na Tamiya nao kule Shizuoka Japani walianza 1946 na biashara ya mbao, mambo ya plastiki yalikuja baadaye sana, modeli yao ya kwanza ya plastiki ni meli Yamato ya 1960. Ndege ya mbao kutoka kwa watu waliotoka kwenye mbao, mi hilo linanipa raha kila nikifungua boksi. Na modeli yenyewe ni kazi ya heshima, mabawa yakikaa yanavuka nusu mita, ina visumaku vidogo vya kushika vifuniko vya injini ili uvitoe na kurudisha, kokpiti imejaa maboksi ya redio na waya mpaka unajiuliza nani alikaa akayahesabu yote.

Boksi lilifika limebonyea kona. Aliyesafirisha hana haja ya kutajwa. Plastiki ya kijivu inavumilia, inapinda halafu inarudi, lakini vioo havina huruma, ile plastiki angavu ni ngumu na inakatika ghafla. Niliinyanyua ile spruu (ndo zile fremu ambazo vipande vinakuja vimeshikana nazo) nikaiweka mbele ya taa ya meza, na pale kwenye kioo cha mbele upande wa rubani kuna mstari, unaanzia chini kwenye fremu unapanda kwa kuyumba mpaka juu ya kichwa chake, ukiigeuza kidogo unapotea kabisa, ukirudisha unatoka mweupe. Ufa wa hivyo hauzibiki. Gundi ya modeli inayeyusha plastiki na kuitia doa, supaglu inatoa moshi unaoacha ukungu kwenye kioo, na kusema upake rangi juu haiwezekani maana kazi yote ya miezi ipo chini ya hicho kioo, mikanda ya viti, dashibodi, kila kitu mtu anakiona kupitia hapo.

Sasa hapa ndo utaona tofauti ya kampuni na kampuni. Maelekezo ya Tamiya yana sehemu ambayo wengi hawaisomi, orodha ya spruu zote zilizomo kwenye boksi, kila moja na namba yake, na maneno kwamba ukitaka spea uchukue fomu hii upeleke kwa wakala wa Tamiya wa kwenu ili wajue unataka nini hasa. Wanaongeza kwamba bei na upatikanaji vinaweza kubadilika bila taarifa. Basi hamna kuelezana sana, "kile kioo cha mbele kile", hapana, unatoa namba tu.

Shida ni hilo neno la wakala wa kwenu. Mi niko Dar. Uingereza wakala ni The Hobby Company wa Milton Keynes, Ujerumani kuna Tamiya-Carson, Marekani wana Tamiya USA yao, sisi huku unahitaji kuwa na ndugu. Nina shemeji, mdogo wake mama watoto, yuko Uingereza, nikampigia nikamtumia picha ya ule ukurasa.

"Shem, nimeagiza, ila nikuulize kitu bila kukukwaza, hela yote hii ni ya vioo tu?"

"Vioo tu shem."

"Haya bwana. Dada anajua?"

Nilimwambia dada anajua, na kweli anajua, yeye ndo alinikataza nisiijenge hivyo hivyo na ufa. Spruu ikakaa kwa shemeji mpaka akapatikana mtu anayerudi likizo, ikaja katikati ya nguo, imefungwa kwenye karatasi za mapovu na juu yake boksi la biskuti gumu. Haina hata mkwaruzo.

Watu wanalalamika sana kwanini uuziwe spruu nzima wakati umevunja kipande kimoja, na mi nililalamika zamani kabla sijaelewa kiwanda kinavyofanya kazi. Vile vipande havitengenezwi kimoja kimoja. Kuna kalibu ya chuma, zito, linafungwa kwenye mashine, plastiki iliyoyeyushwa inasukumwa kwa nguvu kupitia mifereji inajaza nafasi zote kwa mara moja, inapoa, linafunguka, inatoka fremu nzima. Ile mifereji ndo spruu yenyewe. Kwahiyo kiwanda hakiwezi kukutengenezea kioo kimoja, na hakiwezi kulipandisha kalibu mashineni kwa ajili ya mtu mmoja wa Tabata, wanachofanya wale wenye nia njema ni kuweka akiba pembeni kila wanapozalisha. Akiba ikiisha unasubiri wazalishe tena, na kama modeli imeshatolewa kwenye orodha ndo basi. Hiyo akiba ni gharama, ni rafu, ni mtu wa kujibu barua, na imo kwenye ile bei inayotushikisha kichwa.

Sio Tamiya peke yao. Revell wa Ujerumani kwao Bünde wana kitengo cha spea kinaitwa Abteilung X, Idara X, jina la kipelelezi lakini kazi yao ni matairi na vioo vya modeli tu. Zoukei-Mura wa Kyoto wanauza spruu zao moja moja kama bidhaa ya kawaida. Bandai kule Japani, wale wa maroboti ya Gundam, unaweza kuagiza mpaka kipande kimoja kwa namba yake. Kuna wengine sitawataja ambao unawaandikia barua zinaenda tu, na modeli zao ni za bei mbaya vilevile.

Halafu kuna hali ya tatu, kampuni ilikuwa nzuri kuliko zote halafu ikafungwa. Hiyo ndo stori yangu ya pili.

Wingnut Wings. Walikuwa New Zealand, mwenyewe alikuwa Peter Jackson yule muongozaji wa filamu, walianza kuuza 2009, ndege za Vita Kuu ya Kwanza tu, skeli 1/32 tu. Kijitabu chao cha maelekezo kina picha za ndege halisi mpaka za ndani ya injini, stika zao zilichapwa na Cartograf wa Italia, na spea ulikuwa unawaandikia unajibiwa na binadamu. 2020 wakafunga. Baadhi ya kazi zao zilitokea mikononi mwa wengine, ile Fokker Dr.I ilitolewa na Meng, Lancaster kubwa ikatolewa na Border Model, ila kwa zile nyingi walizokuwa wameshauza mlango wa kugonga ukawa umefungwa. Bei za mkononi zikapaa.

Mi nilikuwa naitaka BE2c yao (ndege ya Waingereza ya vita ile) kwa sababu moja tu, hiyo ndege ilifika huku kwetu. Kikosi cha 26 cha jeshi la anga la Waingereza, kile cha Waafrika Kusini, kiliteremka Mombasa mwanzoni mwa 1916, kikaanza kurukia Mbuyuni upande wa Taveta na hizo BE2c pamoja na Farman, kikawa kinalifuata jeshi la Jenerali Smuts, la upande wa Waingereza, lilivyokuwa linashuka kando ya mto Pangani. Bibi zetu na babu zetu waliobebeshwa mizigo ya vita ile, hii ndege waliiona juu yao, kwa wengi wao inawezekana ndo ndege ya kwanza kuiona maishani. Mi siwezi kuichukulia kama plastiki tu.

Na vita ile spea zilikuwa zinabebwa mgongoni. Manowari ya Wajerumani Königsberg baada ya kuizamisha HMS Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar Septemba 1914 mitambo yake ikaharibika, ikajificha kwenye delta ya Rufiji, vifaa vyake vikaburutwa kwa nchi kavu mpaka karakana za Dar es Salaam kutengenezwa, na walioviburuta ni watu wetu, kisha vikarudishwa hivyo hivyo kwenye mikoko. Kila nikisubiri bahasha nawakumbuka wale watu na naona subira yangu haina uzito wowote.

Basi nikapata BE2c kwa mkono wa pili, kwa muuzaji wa nje, imeandikwa imekamilika. Haikukamilika. Spruu yenye mihimili ya kati ya mabawa na propela haimo. Muuzaji akanyamaza, nikamwacha.

BE2c ina mihimili minane inayoshika bawa la juu na la chini, minne kila upande, na mingine mifupi minne juu ya bodi. Ile mirefu kwa skeli hii ni kama sentimita sita. Wembamba wake ndo kazi, kwa sababu mhimili wa ndege sio duara, ukiukata katikati una umbo la tone, mbele umevimba nyuma umechongoka, ili upepo uteleze. Ukiweka kijiti cha duara kila anayejua ataona, na hata asiyejua ataona kuna kitu kimekaa vibaya.

Jamaa mmoja wa Poland mwenye boksi kama langu alinifanyia wema ambao sitausahau, alivilaza vipande vyake kwenye karatasi ya viboksi, akaweka rula pembeni, akapiga picha kila upande, akaandika upana na unene kwa milimita kwa kalamu nyekundu. Hakutaka hata senti. Kuhusu kuiga vipande vya watu msimamo wangu ni huu, kampuni ikiwepo na spea ipo, nunua, usinakili kazi ya mtu kwa rezini (plastiki ya maji inayoganda) ukaanza kuuza. Na usiwaandikie uongo kwamba boksi lilikuja pungufu wakati ulikanyaga mwenyewe, uongo huo ndo unafanya waanze kudai risiti na kufunga huduma. Lakini mwenye kiwanda akiwa ameshafunga na mtu anatengeneza mhimili wake mwenyewe aweke kwenye ndege yake, hapo sioni ubaya.

Vipimo nikavipeleka kwa mzee mmoja sonara Kariakoo, ana ile mashine ya kuviringisha waya wa dhahabu uwe bapa. Nikamkuta anakunywa kahawa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Pete?"

Nikamtolea karatasi na waya wa shaba. Akavaa miwani, akaitazama muda mrefu, akauliza hivi vitabeba uzito? Nikamwambia vitabeba mabawa haya, nikamuonyesha picha. Akaupitisha waya mara ya kwanza, akalegeza kidogo, akaupitisha tena, mpaka ukawa bapa wa unene tunaoutaka, halafu akachukua tupa ndogo ile ya kusafishia pete akaanza kuchongoa upande mmoja tu kwa mikono ambayo haitetemeki kabisa, anapuliza, anapitisha kidole, anarudia. Shaba ina faida moja ambayo plastiki ya kiwandani haina, haipindi kirahisi, na ndege yenye nyaya nyingi kama BE2c ukishazikaza nyaya zake zinavuta mihimili. Yaani kwa nguvu hii yangu imekuwa bora kuliko ya boksi. Propela bado, yake ina mapanga manne na ya kweli ilikuwa mbao zilizogundishwa tabaka kwa tabaka, nimeanza kugundisha vipande vya veneer (mbao nyembamba kama karatasi) za rangi mbili nitaichonga taratibu.

Kwahiyo kabla hujalipia boksi la bei, fungua maelekezo yake mtandaoni, kampuni nyingi zinaweka, angalia kama kuna orodha ya spea na namba zake, waandikie swali dogo uone kama wanajibu. Ukinunua mkono wa pili omba picha ya kila spruu, sio picha ya boksi.

Na kwa vile nililazimika kununua spruu nzima ya vioo ya Mosquito nimebaki na vioo vyote vya ile ya zamani vizima isipokuwa hicho cha mbele. Vya pembeni, vya taa, vyote. Aliyekwama na Mosquito ya 1/32 hapa Dar, Arusha, Nairobi, Mombasa, aniandikie namba ya kipande, kikiwepo ni chake bure, nauli ya basi tu.