Gololi ya Sita

Juzi mwanangu alikuwa anatafuta betri ya rimoti kwenye lile kopo ninamotupia misumari na nati, akaibuka na gololi ya chuma. Kubwa kuliko zake za kioo, nzito, na upande mmoja imemeguka kama jino.

"Baba, hii ya nani?"

"Ya gari."

Akanitazama vile watoto wanavyomtazama mtu mzima anayedanganya. "Kwani gari linacheza gololi?"

Linacheza, mwanangu. Kwenye ile jointi ya nje ya shafti ya mbele, ule mtaimbo unaopeleka nguvu kwenye gurudumu, zinakaa gololi sita, zimepangwa duara ndani ya mifereji, ili gurudumu likate kona huku likiendelea kupokea nguvu. Mafundi wanaiita sivi jointi. Nilipofika kwenye mifereji mtoto akawa ameshakimbilia nje na gololi yake, nikabaki na kopo na kumbukumbu ya Soni, kule milima ya Usambara.

Gari langu la wakati huo nililiita Bluu. Subaru Impreza ya turbo, rimu za rangi ya dhahabu, bomba la kuamsha wafu wa Kinondoni. Rangi niliiga ile ya Colin McRae, dereva wa mbio za magari aliyeshinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza. Tofauti ni kwamba yeye alifuatwa na mafundi na helikopta. Mimi nilikuwa na baba mdogo, kanzu yake, na mkoba wa mahari ya mdogo wangu magotini. Tunakwenda Lushoto. Hadi Mombo sina la kusimulia: nilikimbia, trafiki wakanisimamisha, nikalipa.

Lakini kuna mlio. Miezi miwili nzima, kila nikikata kona na kukanyaga mafuta: tak, tak, tak. Fundi wangu wa Ilala alishachungulia chini akaguna. Buti la mpira linalofunika jointi limechanika, grisi yote imetapakaa ndani ya rimu, vumbi limeingia, gololi zinajichimbia mashimo. Tena shafti yenyewe nilikuwa nimefunga "mpya" ya bei chee, yeye akinishauri nitafute used ya Japani. "Bosi, hii ni ya kwendea sokoni," alisema. "Wewe umeshapandisha presha ya turbo. Injini umeilisha, miguu umeinyima." Nikacheka, nikaongeza sauti ya redio. Kwa miezi miwili hiyo ndiyo ilikuwa dawa.

Kutoka Mombo barabara inaanza kuupanda Usambara ikijikunja, huku mwamba, huku bonde. Nilichokuwa sikukifikiria ni kwamba mwamba unarudisha sauti. Redio haikufua dafu.

"Hili gari linatafuna nini?" aliuliza baba mdogo.

"Ni baridi, baba mdogo."

Tulipokaribia Soni tukakuta lori la matenga matupu ya kabichi limesimama katikati ya kona kali, linahangaika na gia. Nikasimama nyuma yake. Mtu mwenye akili angesubiri. Mimi nilikuwa nimeshazungusha usukani hadi mwisho kulia, gia ya kwanza, nikaachia klachi na kukanyaga mafuta yote. Nilitaka baba mdogo aone.

Tak-tak-tak-tak, halafu mpasuko mmoja mkavu, kama shoka kwenye mfupa. Nikausikia miguuni kabla ya masikioni. Usukani ukashtuka mkononi, mshale wa injini ukaruka, gari likanguruma kama linapaa. Halikwenda popote, likatetemeka tu pale pale. Nikatoa mguu na kuzima injini, nikaiacha kwenye gia ya kwanza ituzuie, kama nilivyozoea kupaki mlimani.

Kimya. Kwa mara ya kwanza toka Dar nikasikia kitu kingine kisicho gari langu: maji ya maporomoko ya Soni, chini huko. Harufu ya grisi iliyoungua ikaingia ndani. Nikageuka kutazama dirishani, nikauona mwamba unasogea. Unasogea mbele, taratibu, jiwe moja baada ya jingine, na kijimti kilichoota kwenye ufa kikanipita kwa heshima zote. Nakumbuka nilishangaa kwamba mwamba unatembea. Kwa sekunde mbili, labda tatu, nililiamini hilo. Gia ilikuwa imeingia, kwa hiyo gari haliwezi kurudi, kwa hiyo ni mwamba.

Baba mdogo hakupiga kelele. Aliukumbatia mkoba, mguu wake wa kulia ukiwa umekandamiza breki ambayo upande wa abiria haipo, akasema kwa upole kabisa: "Mwanangu, tunarudi Mombo?"

Ndipo nikavuta hendibreki.

Gia isingeweza kutuzuia. Bluu inasukumwa na magurudumu yote manne. Shafti ikikatika, difu ya mbele, zile gia zinazogawa nguvu kulia na kushoto, inazungusha ule upande uliokatika bure, na kilichobaki kutushika ni kale kanguvu kanakokwenda magurudumu ya nyuma. Kalitosha kutuchelewesha tu.

Utingo wa lile lori alikuja mbio na jiwe, akaliweka nyuma ya tairi, akakata matawi akayatandaza barabarani. Kisha dereva wake, yule niliyekuwa namtukana dakika tano kabla, akampandisha baba mdogo mbele, kanzu imekunjwa kiunoni, mkoba kifuani. Mahari ikafika Lushoto kwa lori la kabichi. Wakweze mdogo wangu wanaisimulia hadi leo, na kila mwaka lori linazidi kuwa kuukuu.

Mengine niyapitie haraka. Fundi wa Soni akagonga pini ya upande wa gia, akafungua nati kubwa ya gurudumu kwa spana aliyoiongezea kipande cha bomba, shafti ikatoka. Kombe la jointi lilikuwa limepasuka. Alipoliinamisha gololi zikamwagika kwenye lami, mimi na yeye tukazikimbiza kama watoto. Tukapata tano. Ya sita alikuwa nayo mtoto wa kweli, amevaa sweta lililomfika magotini, ameifumbata na hana mpango wa kuitoa. "Mwachie," fundi akasema, "itakufaa nini?" Mimi nikaweka mfukoni iliyomeguka. Nililala Soni. Kesho yake shafti ya Japani ikafika kwa basi, imefungwa kwenye kiroba, na fundi wa Ilala kwenye simu akicheka.

Baadaye nilipiga hesabu. Kwenye gari kama lile gia ya kwanza na difu huzidisha nguvu ya injini zaidi ya mara 13 kabla haijafika kwenye shafti, na mimi nilikuwa nimeikunja jointi hadi mwisho wake. Ningenyoosha usukani kwanza, ningekanyaga kidogo kidogo, pengine tungefika. Lakini sina hakika kama tatizo lilikuwa hesabu. Siku mnunuzi alipokuja kuijaribu Bluu, jointi ya upande wa pili ilikuwa imeanza kulia. Redio ilikuwa inacheza. Sikuiwasha mimi. Sikuizima pia.

Jioni ile mwanangu alirudi kanuna. Wenzake wameikataa gololi.

"Wanasema ya chuma hairuhusiwi. Inavunja za wengine."

Akairudisha kwenye kopo mwenyewe. Nami nikabaki namuwaza yule wa sweta, kama kule Soni walimruhusu.