Vichwa vya mbuzi vya Vingunguti na mkono wangu wa upasuaji wa sikio

Wagonjwa wengi ninaowaona kliniki ya masikio hapa Dar es Salaam wametokwa usaha sikioni tangu utotoni. Ngoma ya sikio imetoboka, na usaha wa miaka umeanza kula mifupa mitatu midogo iliyo nyuma yake, nyundo, fuawe na kikuku, inayopokezana sauti hadi sikio la ndani. Mara nyingi fuawe ndiyo inayotangulia kuliwa, kwa sababu ncha yake ndefu hupata damu kidogo. Nyundo inakuwepo, kikuku kinakuwepo, katikati pana pengo. Sauti inapiga ngoma na kuishia hapo, ingawa sikio la ndani ni zima kabisa.

Pengo hilo linazibika. Unaweza kuichonga fuawe ya mgonjwa mwenyewe ikaunganisha upya, au ukapandikiza kiungo kidogo cha titani ambacho chini kinakaa juu ya kikuku na juu kinaegemea ngoma. Kikuku kikiwa kimelika hadi kwenye kitako, kinatumika kiungo kirefu zaidi. Haya niliyasoma mapema katika masomo yangu ya ubobezi wa masikio, pua na koo, na mtihani wa maandishi haukunisumbua. Kazi ilikuwa mkono.

Kikuku ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini, urefu wake kama milimita 3. Kimekaa kwenye dirisha la kuingilia sikio la ndani. Ukikisukuma kupita kiasi, mgonjwa anaweza kupoteza hata ule usikivu uliobaki na kuamka na kizunguzungu kikali. Juu yake tu unapita mshipa wa fahamu unaoendesha misuli ya uso. Ukiujeruhi, mdomo unapinda na jicho halifumbi. Sikubali kwamba mtu ajifunzie mambo hayo kwa mgonjwa, hata kama msimamizi amesimama begani kwake. Wenzetu penye maabara za kutosha wanatoboa mifupa ya maiti, au mifupa ya plastiki iliyochapwa kwa mashine, saa nyingi kabla ya kumgusa mtu. Sisi mifupa hiyo tunaipata kwa nadra.

Profesa wangu ndiye aliyenielekeza kwa mbuzi. Sikio la kati la mbuzi na la kondoo linakaribiana na la binadamu kiasi cha kufaa mazoezi: ngoma ipo, nyundo, fuawe na kikuku vipo, na vipimo havipishani sana na vyetu. Basi Jumamosi alfajiri nikaenda machinjioni Vingunguti. Kijana anayeuza vichwa na miguu alidhani nataka vya supu, akavipeleka motoni kubabua. Nikamwahi.

"Usibabue kaka, na shoka usiliguse. Nataka masikio mabichi, mfupa mzima."

"Masikio ya nini tena, dada?"

Nikamweleza kwamba ninasomea kutibu viziwi. Kuanzia hapo alikuwa ananiwekea pembeni vichwa ambavyo havijapasuliwa ubongo, na hakuwahi kunizidishia bei.

Kichwa ukioshe, ukigandishe kwenye friji, halafu ukate kwa msumeno wa chuma kipande chenye sikio, ukishikize kwenye bakuli kwa plasta ile ile ya kufungia mifupa iliyovunjika. Hospitali ninayosomea iliniruhusu kutumia hadubini ya zamani iliyokuwa stoo, baada ya zamu za mchana. Kwa viungo vya titani nilijitengenezea mfano: nyuzi za shaba nilizochomoa ndani ya waya wa umeme, nikazipinda hadi zikawa na mguu na kofia. Cha titani halisi kinaagizwa nje na bei yake si ya kuchezea.

Hapo ndipo nilipojifunza yale ambayo vitabu vinayataja kwa mstari mmoja. Mkono lazima ulale juu ya mfupa, kidole cha mwisho kikiwa nguzo, zisogee ncha za vidole tu. Maji yasikatike drili inapozunguka, maana joto peke yake linaweza kuchoma mshipa wa fahamu bila drili kuugusa. Ukikaribia mshipa, unaacha kichwa cha drili chenye meno na kuchukua chenye chembe za almasi, na unatembea sambamba nao, sio kuukata njia. Na urefu wa kiungo ndio kila kitu. Kikiwa kifupi kinaanguka. Kikiwa kirefu kinakandamiza kikuku, au kinaisukuma ngoma mpaka siku moja kinatokeza nje. Ndiyo maana juu yake tunalaza kipande chembamba cha gegedu, ule mfupa laini, kutoka kwenye sikio la mgonjwa mwenyewe.

Mbuzi hafundishi yote. Mfupa wa nyuma ya sikio lake hauna vijumba vya hewa kama wa kwetu, kwa hiyo utoboaji wa sehemu hiyo nilisubiri hadi tulipopata mifupa ya binadamu.

Watu huniuliza kuhusu vipandikizi vya kisasa. Muhimbili walianza mwaka 2017 kupandikiza koklea, yaani kifaa cha umeme kinachopeleka sauti moja kwa moja kwenye mshipa wa kusikia, na hiyo ni hatua kubwa kwa watoto waliozaliwa viziwi. Kuna pia kipandikizi cha umeme cha sikio la kati, alichokibuni mhandisi Geoffrey Ball wa Marekani, ambaye mwenyewe usikivu wake uliharibika utotoni: sumaku ndogo inafungwa kwenye mifupa na kuitikisa. Mtu wa kwanza alipandikizwa mwaka 1996. Navistaajabia vifaa hivyo. Ila kila kimoja kinapita katika chumba kile kile chembamba cha sikio, na mkono usiozoea chumba hicho hautasaidiwa na ughali wa kifaa.

Mgonjwa niliyeruhusiwa kumfanyia kazi yote mwenyewe, Profesa akitazama kwenye skrini, alikuwa mama anayenunua samaki mnadani Feri. Bei zikitajwa alikuwa akizisikia kwa shida, anategemea macho na mwanawe. Tulianza kwa kulikausha sikio, na hilo lilichukua muda mrefu kuliko upasuaji wenyewe. Ilibidi aache mafuta ya nazi aliyokuwa akidondoshea, na akioga aweke pamba yenye mafuta mazito ya mgando mlangoni mwa sikio ili maji yasiingie. Sikio likakauka. Ndani nikakuta fuawe imelika ncha, lakini mwili wake ungali mzima, na kikuku kinacheza vizuri. Nikachagua kuchonga fuawe yake badala ya titani, kwa kuwa mfupa wake mwenyewe haukumgharimu kitu na mwili hauukatai. Nikauchimba kikombe kidogo, nikakivisha kichwa cha kikuku, nikaziba ngoma.

Nilimkataza kupenga kamasi kwa nguvu na kubeba ndoo za samaki. Baada ya miezi michache kipimo kikaonyesha kwamba pengo kati ya sauti inayopita hewani na inayopita kwenye mfupa limeshuka chini ya desibeli 20, kiwango tunachokihesabu kuwa mafanikio.

"Shikamoo mama, sikio linasemaje?" nilimsalimu kwa sauti ya kawaida, nikiwa upande wake mbovu.

"Marahaba mwanangu. Mbona unanong'ona? Lakini nakusikia."

Sasa naandaa mazoezi ya kutoboa kitako cha kikuku, kazi ya wale ambao kikuku chao kimeganda. Wadogo zangu wawili wa mwaka wa kwanza wameomba tuwe pamoja, na yule kijana wa Vingunguti ameshaambiwa aongeze vichwa.